Kibao cha Njia Panda

Jumatatu, 4 Agosti
Naomba radhi kwa daftari hili. Sijaligusa tangu Pasaka. Lakini kuna habari! Njia za pikipiki za magurudumu manne hapa Ngoliba zimebadilishwa. Ndanu, binti anayesimamia uwanja wa pikipiki hizo, amepaka mishale mipya kwenye mawe. Penye njia panda, wageni wote sasa hupinda kulia, kwenye duka la soda la Mzee Muasya. Kushoto, kwenye kibanda cha chai cha Mama Naliaka, hapiti hata mbuzi. Leo nilikuwa mteja wake pekee. Nilikunywa vikombe vinne, kwa heshima. Akasema Jumamosi ikipita hivi hivi, atahamishia jiko lake mtaa wa mbali wa Landless, kwa dada yake. Landless! Magoti yangu hayafiki huko. Miaka sita ya ugane, na chai ile ndiyo mazungumzo yangu ya siku.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemwomba Ndanu ageuze mshale. Nilivaa tai. Akanijibu kwa upole kwamba Muasya aliomba kwanza. Muasya, aliyekuwa amesimama papo hapo, akauliza iwapo tai ile ni ya posa au ya mazishi. Nilimshukuru kwa swali lake. Nitalipiza.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimetengeneza kibao. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba amri bila adabu ni kelele. Kwa hiyo kinaanza hivi: "Wageni waheshimiwa, tafadhali, kwa hisani yenu, pindeni kushoto penye chai na mandazi. Samahani kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Jumla, mistari saba. Nimekisimika usiku huu na kulifunika jiwe la mshale kwa gunia. Hakuna aliyeniona. Ujanja mtupu!

Jumamosi, 9 Agosti
Ole wangu. Kibao kilikuwa kirefu mno. Pikipiki ya kwanza ilisimama ili dereva asome; ya pili ikasimama nyuma yake; hatimaye zikawa kumi na moja. Walipomaliza kusoma waliondoka wote kwa pamoja, kama kundi la nyati. Vumbi! Mandazi sitini yakageuka rangi ya udongo. Dereva wa mbele hakuiona kamba ya nguo. Akageuza njia, akatoweka na joho la kwaya la Mama Naliaka likipepea shingoni mwake, hadi kwa Muasya. Wenzake wakamfuata, wakicheka. Wakanunua soda huko.

Nilijifanya kushangaa pamoja na wengine. Ndanu, ambaye huniita guka kama babu yake, akaja na kibao mkononi. "Guka, hii ni sign ama ni barua?" Nikasema huenda ni kazi ya watu wasiojulikana. Akaniomba nimsomee mstari wa mwisho. Nikasoma: "Wenu mtiifu, D. Muoki."

Maandishi yasiyo na jina ni utovu wa adabu. Ningefanyaje?

Jumapili, 10 Agosti
Mama Naliaka aliimba kanisani akiwa na joho safi, lililopigwa pasi. Muasya alilifua mwenyewe! Baada ya ibada nilimwomba mama radhi mara tatu. Akasema, "Mzee Dismas, wewe nisaidie kwa kutonisaidia." Anaona haya tu, nadhani. Jambo la heri ni kwamba haendi Landless tena. Jambo la pili si la heri: Muasya amempa nusu ya veranda yake. Nilimpongeza Muasya kwa mkono. Akaniuliza, mbele ya kwaya nzima, "Sasa mzee, chai utaifikia mwenyewe ama nikuchoree mshale?"

Jumatatu, 11 Agosti
Adhabu yangu imetolewa: nipake upya mawe yote ya njia, wiki nzima. Ndanu amenikabidhi ndoo ya chokaa na brashi. Amenikabidhi mimi! Nilikaa nikafikiri. Marehemu mke wangu Mbithe angeninyang'anya ile brashi, lakini yeye hakuwahi kuiona veranda ya Muasya. Yangu ni pana zaidi, na ina kivuli mchana kutwa. Mama Naliaka angeipenda. Kinachokosekana ni wageni tu. Kwa hiyo, tangu saa nne asubuhi ya leo, mshale wa njia panda unaelekea nyumbani kwangu. Kando yake nimesimika maelezo mafupi, mistari tisa, niliyoyaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usitambulike. Nimeyasoma mara mbili. Sikuona kosa lolote. Kisha nikatia sahihi.