Rufaa ya Spana kwa Mama Mkwe

Kwa Mama Mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo Mama. Natumaini goti linaendelea vizuri na mashine yako ya kusaga haijakutoa jasho wiki hii. Sisi huku hatujambo. Watoto hawajambo, na binti yako ndiye hajambo kupita wote, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

YAH: KUNYANG'ANYWA SPANA BILA KUSIKILIZWA

Mama, nakuandikia wewe kwa sababu ndiye mtu pekee duniani ambaye binti yako akiitwa naye anaitika mara ya kwanza. Kama tulivyokubaliana, Jumapili tunakuja kukuchukua uje ukae nasi. Safari ni ndefu, na gari imefika wakati wake wa kumwaga oili na kubadilisha filta, kazi ambayo tunaifanya wenyewe hapa uani. Ninachotaka mimi si kikubwa. Nataka gari itakayokubeba iwe imeshughulikiwa kwa mikono ya mkweo, ili ukikaa kiti cha mbele ujue binti yako hakuolewa na pambo. Yeye amekataa katakata. Amesema nisiguse hata boneti.

Kwa kuwa kazini kwangu, ofisi ya bima, nashinda nikisoma maelezo ya watu waliogonga nguzo wakaandika kwamba nguzo ndiyo iliyowafuata, najua jinsi ya kupanga hoja za haki. Zangu ni hizi:

1. Spana zimefichwa. Zimeviringishwa kwenye shuka kuukuu na kuwekwa kabatini, chini ya magauni yake, mahali ambapo mume mwenye adabu hapekui. Hata bisibisi ya kukazia mpini wa sufuria imekamatwa pamoja nazo, nayo haikuwa na kosa lolote. Sufuria sasa tunaishika kwa kitambaa.

2. Kosa ninaloshtakiwa nalo ni dogo mno. Siku ile tulipobadilisha oili mara iliyopita, binti yako alilala chini ya gari, akafungua nati, akakinga beseni, oili chafu ikashuka vizuri. Alipomaliza kuifunga nati akaingia ndani mara moja. Mimi nikaona nisikae kama mgeni wa harusi. Nikaifungua filta ya zamani, nikapaka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya kama nilivyomwona akifanya, nikaifunga kwa mkono, nikajaza oili mpya, nikawasha gari. Yote hayo bila kuelekezwa na mtu. Kitu kimoja tu kilinipita, nacho ni kwamba mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umeng'ang'ania kwenye injini. Kwa hiyo mipira ikawa miwili, mmoja juu ya mwingine. Mimi kwa akili yangu, miwili ingezuia zaidi kuliko mmoja. Injini haikuafiki. Oili yote mpya ilitoka kwa kasi nisiyoweza kuieleza kwa mtu mzima kama wewe, ikapaka ukuta, ikanipaka mimi, ikafika hadi kwenye kamba ya jirani yetu mshona mapazia, ambaye alikuwa ameanika kazi ya mteja. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Bwana Chemchemi.

3. Hapa, Mama, naomba uniwie radhi, lakini haki haina budi kufuata njia yake. Unajua binti yako aliingia ndani kufanya nini? Alikwenda kupokea simu yako. Ulipiga kuuliza kama vitambaa vya makochi vimefika, kisha ukaingia kwenye habari za goti, kisha ukarudi kwenye vitambaa. Sikulaumu hata kidogo. Nasema tu kwamba kama goti lisingeuma, simu isingekuwa ndefu, na kama simu isingekuwa ndefu, mimi nisingeachwa peke yangu na injini. Wewe ukilitazama jambo hili vizuri utaona kwamba nilikuwa abiria.

4. Hakuna aliyehesabu faida. Siafu waliokuwa wakipita chini ya ukuta wamehama na hawajarudi. Geti lililokuwa likilia kila tukifungua sasa limenyamaza, maana nililipaka ile oili niliyoizoa sakafuni. Na jirani yetu? Alikata sehemu zilizochafuka, akabakiwa na mapazia mafupi, akampa mteja wake kwa ajili ya jikoni, na mteja kayapenda, anaagiza mengine. Kabla yangu, yule mama hakuwahi kuwaza pazia fupi. Siombi shukrani. Naomba spana.

5. Wewe mwenyewe ndiye uliyemharibu. Watoto wa wenzako walikuwa wanacheza, wako akawa anashika faneli ukimwagia oili injini ya mashine. Matokeo yake nimeoa mtu anayesikia gari ikikohoa akiwa bafuni akasema plagi. Jirani mwenye pikipiki anakuja kumwuliza yeye. Mwenye nyumba anakuja kumwuliza yeye. Juzi amekuja mtu nisiyemjua, kanisalimia vizuri, kisha akauliza kama fundi yupo. Nikamwambia fundi yupo, nikaenda kumwita, nikarudi kukaa kibarazani na gazeti langu. Mama, roho iliniuma. Si kwamba namwonea wivu. Nampenda, na akiwa chini ya gari miguu tu ikionekana najisikia kuwaambia wapita njia kwamba ile miguu ni ya mke wangu. Lakini mtu naye angependa siku moja watu waulize kama yeye yupo.

6. Kwa hayo yote naomba uamuru yafuatayo. Kwanza, nirudishiwe spana zote. Ikiwa zote ni nyingi, basi ile moja ya kufungulia nati ya oili. Ikiwa hiyo nayo ni hatari, basi yoyote isiyoingia popote kwenye gari yetu, niwe nayo mkononi tu watu wakipita. Ikishindikana hata hiyo, naomba uitishe kikao cha ukoo, pande zote mbili, shangazi wa kule kwetu apewe nafasi ya kusema asikatizwe, na iamuliwe rasmi ni nani mkuu wa nyumba hapa. Wakiamua ni yeye, mimi sina kinyongo. Jina lake liandikwe getini, yeye ndiye awe anatoka kumkabili mbwa wa jirani, na mimi nianze kuulizwa nimepika nini.

Mama, najua utacheka. Cheka, ila ukimaliza nitetee. Mimi sijaomba kuwa fundi. Naomba kuaminiwa na mtu mmoja, naye unamjua, maana ulimzaa.

Nisalimie wote hapo nyumbani: shemeji na mkewe, mama mdogo na shinikizo lake la damu, wateja wa foleni ya kusaga, na yule jogoo anayenichukia. Waambie mkwe wao bado yupo, ingawa ana harufu ya oili.

Nabaki kuwa mtoto wako mtiifu, nisiye na spana,

Mkweo wa kwanza
(na ni matumaini yangu, bado wa kwanza kwa mapenzi)

Tanbihi: Mama, kabla sijaifunga bahasha binti yako amepita hapa mezani. Hakusoma barua. Ameweka spana juu yake, akasema, "Kesho utalala chini wewe. Mimi nitakaa pembeni, sitasema neno." Kisha akanishika bega na kwenda zake. Nilifurahi, Mama, karibu nilie. Nikachukua tochi nikaenda kuchungulia chini ya gari ili nijiandae. Huko chini kuna nati mbili. Zinafanana kama mapacha, moja nadhani ni ya oili ya injini, na nyingine nadhani ni ya giaboksi, na sijui ipi ni ipi. Kumwuliza siwezi, baada ya bega lile. Kwa hiyo nafuta hoja zote kuanzia ya kwanza hadi ya sita, na kwa kuwa kukupigia siwezi, maana simu ya nyumba ni moja na anayo yeye, hii barua namkabidhi dereva wa basi la jioni ili ikufikie usiku huu huu. Ukiipata tu, tafadhali mpigie simu, mkatalie kwa ukali wa mama mzazi, mwambie mkweo asiguse gari kabisa, na ionekane ni wazo lako. Kama simu haitapatikana, Jumapili usitusubiri. Panda basi.