Mawe ya Kuivuta Timazi

Jumatatu, 12 Septemba 1774
Mvua. Nimeacha kufuma, nimepanda mlimani kwa Bwana Pemble, mtaalamu wa nyota aliyetumwa kutoka London. Tangu kiangazi anaishi kwenye kibanda kule juu, ananing'iniza timazi, uzi wenye kipande cha risasi nchani, na kuilinganisha na nyota. Nimemuuliza anatafuta nini. Kasema kila chenye mwili huvuta kingine. Dunia ina mwili mkubwa, ndiyo maana tunaanguka chini. Mwezi nao unavuta, ila kwa kuwa ni mdogo, mtu angekuwa mwepesi kule. Na mlima wetu? Nao unavuta! Uzi wa timazi umeuelemea kidogo. Kidogo mno.

"Hata wewe, Ludovic, unauvuta mwezi," kasema. "Ila wenyewe hauna habari."

Nimeshuka nikiwa mtu mwingine.

Jumanne, 13
Torquil, mbeba mnyororo wa kupimia, anatamba kwamba jina lake litaandikwa kwenye ripoti ya London. Torquil! Hata kuliandika hilo jina hawezi! Nimekula mabakuli matatu ya uji, nikaenda kusimama kando ya timazi ili niivute. Haikusogea. Torquil kaniuliza kama natafuta choo.

Jumatano, 14
Nimepata! Mwili wangu hautoshi, mawe yatatosha. Nikiyarundika nyuma ya kibanda, timazi itainama zaidi, Bwana Pemble atashangaa, nami nitajitokeza. Mstari wa kwanza wa ripoti ni wangu. Mawe mazuri yako chini ya mlima: rundo la marehemu baba. Hapo ndipo jeneza lake lilipotuliwa wabebaji wapumzike, na kila apitaye huongeza jiwe. Baba hatakuwa na neno. Alipenda elimu. Kwa kweli alipenda kondoo, lakini alikuwa mtu wa kufikiri. Vikapu sita. Ole wa mgongo wangu!

Alhamisi, 15
Vikapu tisa. Rundo limekwisha.

Ijumaa, 16
Nimemwonyesha Bwana Pemble. Hakucheka, afadhali angecheka. Kasema mlima mzima umeuvuta uzi kwa kiasi ambacho jicho tupu halikioni. Mawe yangu ni chembe ya chumvi ziwani. Kisha kauliza nimeyatoa wapi. Torquil kajibu kabla yangu. Bwana Pemble kavua kofia, kasimama mbele ya yale mawe kwenye mvua. Sikujua niweke wapi macho.

Jumapili, 18
Dada yangu Oighrig hupita pale kila Jumapili akitoka kanisani, na jiwe lake. Leo karudi nalo mkononi. Nimemweleza habari zote za mvutano, sayari hadi miezi. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ya kumzika baba theluji ilifika magotini, Ludo," kasema. "Wewe ulikuwa kitandani na homa. Jiwe la kwanza niliweka mimi, kwa niaba yetu wote wawili. Liko wapi?"

Nikamwambia mawe yote yanafanana. Kwa nini nilisema vile? Hakupika. Wala sikuona njaa.

Jumatatu, 19
Tumepanda pamoja kuyarudisha. Torquil kaja na kikapu chake, bila kuitwa na bila kejeli. Imeniuma zaidi kuliko matusi. Oighrig aligeuza jiwe moja moja, akalipata lake. Hakulitia kikapuni, alilishusha mlima mzima akiwa amelikumbatia. Nililia nyuma ya kibanda. Nikasema ni upepo. Vikapu vinane vimeshuka. Tumelipanga rundo upya, jiwe lake chini kabisa.

Jumanne, 20
Jua, hatimaye. Wao wako chini wakinisubiri, mimi niko juu na mawe yaliyobaki. Nimekaa nikafikiri. Dunia inavuta, sivyo? Inavuta bure, mchana kutwa, haichoki. Basi nibebe ya nini? Nimeliviringisha moja, la mviringo, zuri. Limekwenda lenyewe, kwa kasi ajabu! Limelipiga rundo katikati. Yote tuliyopanga jana yametapakaa hadi kijitoni. Oighrig na Torquil wameruka kando, wananipungia mikono yote miwili na kupiga kelele. Siwasikii vizuri kwa upepo, lakini naona wamefurahi. Nasogeza la pili.