Aktinidi Wapewa Uheshimiwa

Kamati ya Kupinga Utenganishaji, yenye makao yake ghorofa ya tisa hapa Hillbrow, inawatangazia wenyeji na wageni wote wa Johannesburg kwamba mwaka huu hakitatenganishwa kitu chochote. Mimi ni Pandu, Msemaji wa Kamati, na hatufanyi mchezo. Juzi tu tumezionya robot za barabarani, zile taa za kuongozea magari, ziache kuyabagua magari kwa rangi.

Basi akaja Daktari Murielle, mkemia, mtu wa Lubumbashi, kuomba kibali cha maabara yake. Akikikosa, Ijumaa maabara inafungwa.

"Taka za nyuklia zina metali za aina mbili, aktinidi na lanthanidi," akaeleza. "Zinafanana sana, Papa Mwenyekiti, na mimi nataka kuzitenganisha. Naweka mafuta yenye dawa ya kushika aktinidi, natikisa pamoja na asidi yenye taka, naacha itulie. Mafuta yanapanda na aktinidi, lanthanidi zinabaki chini."

"Zinafanana, halafu unazitenganisha?" Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Yasini, alishtuka mpaka biskuti ikamdondokea kwenye chai. "Katika nchi hii? Kwa historia hii? Hapana, dada. Zikae pamoja, zizoeane."

Ombi likakataliwa kwa makofi. Nilimsindikiza Murielle hadi kwenye lifti, machozi yakimlengalenga, nikamzuia kwa adabu asiingie. Ile ni ya waheshimiwa. Sisi wengine tunatumia ngazi.

"Na hiyo si kutenganisha?"

"Hapana, Daktari. Hiyo ni itifaki."

Akanitazama kidogo, akafuta macho, akarudi ndani.

"Papa Mwenyekiti, nilieleza vibaya. Aktinidi ni waheshimiwa. Ni wazito kuliko wenzao. Yale mafuta ni lifti yao tu."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mheshimiwa Yasini akauliza mbona hakusema mapema, akatia saini palepale, akaagiza yeye mwenyewe aandikwe mlezi wa aktinidi, maana shida zao anazielewa. Murielle akashukuru, akachukua kibali, akaelekea mlangoni.

"Na wakishafika juu," Mheshimiwa akamuuliza huku akitabasamu, "wanapelekwa wapi?"

"Kwenye tanuri la nyuklia, Papa, kuchomwa. Hao ndio sumu ya maelfu ya miaka. Wale wa chini wanapoa wenyewe."

"Eish," akasema Mheshimiwa, akatafuta kalamu afute saini yake.

Nikatumwa mbio kumrudisha Murielle. Alikuwa ameshashuka na kibali chake, tena kwa lifti, nami kwa mujibu wa itifaki ikanibidi nimfuate kwa ngazi.