Ilani ya Vioo vya Mbinguni

Ifahamike kwa kila mwenye macho, ndani ya kuta za Maskati na nje yake: kuanzia leo kioo chochote cha kukuzia, kiwe puani, mkononi au mbinguni, sharti kiwe na kibali. Hatasamehewa mtu kwa umri wake, kwa cheo chake, wala kwa urefu wa mahali anapopita.

Ndivyo ilivyosema ilani iliyobandikwa ndani ya Ofisi ya Vioo mwaka 1967, kwa herufi nene kama vidole. Maneno yalikuwa ya mkuu wa ofisi mwenyewe, Bwana Ghanim bin Bakhit, na hayo ya mbinguni ndiyo aliyoyapenda zaidi. Alikuwa amesikia redioni kwamba satalaiti za kigeni zinapita juu ya nchi na kamera zao. Wengine walistaajabu. Ghanim aliuliza swali moja tu: zina kibali?

Hazikuwa nacho. Akawaandikia barua wenyewe.

Miwani nayo ilikuwa chini yake, na kipimo chake alikibuni mwenyewe. Mwombaji hukaa kwenye benchi, hatua kumi kutoka ukutani, akasoma ilani. Akishindwa, macho mabovu, anapewa kibali. Akiweza, macho mazima, kwa heri. Kipimo hicho hakikuwahi kukosea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuulizwa.

Jumamosi moja alikaa benchini Bi Rahila, mjane aliyetoka Unguja baada ya mambo ya sitini na nne, akilisha wanawe watatu kwa kushona kofia. Aliisoma ilani yote bila kukwama.

"Hongera, bibi," alisema Ghanim. "Macho ya kipanga."

"Bwana Ghanim, kwani mie nashona ukutani? Nashona hapa." Akainua kiganja mbele ya pua. Vidole vilikuwa vimejaa alama za sindano. "Mbali nnaona mpaka kunguru wa Matrah. Sindano siioni. Mteja wa Sib kanirejeshea kofia sita, anasema vitundu vyake vimelewa. Akinirejeshea na za mwezi huu, wanangu watakula nini?"

"Ofisi haishoni kofia, bibi. Ofisi inapima macho."

Miwani yake ilikuwa imeshatengenezwa, ila ilikamatwa bila kibali, ikafungiwa katika mtoto wa meza ya Ghanim. Aliyeisugua ni kaka yake Rahila, Marhoon. Huyu alikuwa kibarua katika kituo cha Tunguu, Unguja, Wamarekani walipokuwa wakifuatilia vyombo vya angani. Alipokuwa akifagia alisoma vitabu vyao, akajifunza kusugua vioo peke yake. Ghanim alimwita awe mtaalamu wa ofisi, bila malipo, kwa heshima.

Siku hiyo Marhoon alikuja na kioo kimoja cha mfano, kilichofungwa katika kitambaa.

"Kioo cha kwenda angani, Bwana, husuguliwa kwa miezi," alisema polepole. "Kikikosea hata kwa sehemu ya mia ya unene wa unywele, picha inavurugika. Na hakipimwi mpaka kipoe. Ukikigusa tu, joto la kidole linakivimbisha kama..."

Ghanim alikuwa ameshakibonyeza kwa dole gumba, kama anavyobonyeza kila kitu kinachopita mezani.

"Kama hivyo," alisema Marhoon. "Sasa tungoje."

"Kioo kinachoogopa kidole!" Ghanim alicheka. "Na hicho ndicho kinachotaka kututazama?"

"Bwana, na miwani ya dada yangu?"

"Kipimo kimeshasema."

Ghanim mwenyewe alikuwa na tatizo moja dogo, tena si lake. Watu walikuwa wamekosa adabu. Mwaka hadi mwaka waliandika herufi ndogo zaidi, mpaka sasa barua zikaja kama msafara wa sisimizi. Kwa hiyo aliacha kuzisoma. Karani wake, Thani, alimsomea, na kila mtu alielewa kwamba mkubwa husikiliza.

Siku jibu la wenye satalaiti lilipofika, lililetwa na mkaguzi wa ofisi zote za mji, Shekhe Mahfoudh. Thani alikuwa ametumwa Matrah. Rahila na kaka yake walikuwa benchini, maana ilikuwa Jumamosi tena, siku ya waombaji.

"Haya, Ghanim, tusomee," alisema mkaguzi. "Barua ni yako."

Ghanim aliishika. Akaisogeza mbali, mkono ukaisha. Sisimizi hawakusimama. Akavuta mtoto wa meza, akatoa miwani, akaivaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne dunia ya karibu ikamsalimia.

"'Tumepokea ilani yako,'" alisoma kwa sauti ya ushindi. "'Kwa masikitiko, kioo chetu kimeshindwa kuisoma, kwa kuwa imebandikwa ndani.'" Alifikiri kidogo. "Kimeshindwa. Basi kwa mujibu wa kipimo, kinastahili kibali."

Akagonga muhuri. Kibali nambari moja.

"Na hiyo iliyo puani mwako?" aliuliza mkaguzi. "Ina kibali?"

Ghanim alijua adhabu, aliiandika yeye.

"Ina," alisema. "Ya Bi Rahila, mshona kofia."

"Kibali kiko wapi?"

"Wino unakauka." Akaandika, akagonga muhuri, akapuliza.

"Vizuri. Basi mpe mwenyewe. Kibali cha mtu hakivaliwi na mwingine. Na mkuu asiyeweza kusoma barua zake hakai kitini. Omba chako kwanza."

Rahila alivaa miwani yake. Alitoa sindano kwenye ukosi, akapitisha uzi mara moja tu. Kisha akamtazama Ghanim kichwani.

"Ewe Mola wangu! Kofia hiyo nilikushonea mie? Ivue, Bwana, nikuondolee aibu."

Thani aliporudi alikuta kiti kitupu, akaambiwa akikalie. Mkuu wake alikuwa benchini, kichwa wazi.

"Soma ilani, Bwana," alisema Thani.

Ghanim alisoma. Hakuruka neno. Alipofika kwenye vioo vya mbinguni sauti ilimpanda kwa fahari, akaendelea mpaka nukta ya mwisho.

Thani aliuweka muhuri kando.

"Hongera, Bwana," alisema. "Macho ya kipanga."