Mgombea Aliyevaa Kitenge

Jumatano, 11 Juni 2025
Mke wangu Stellah kaondoka alfajiri kwenda Kisorya kununua dagaa. Mtaani hakuna aliyemwona. Atarudi Jumapili.
Jumamosi chama chetu cha wanaume hapa Iringo kinachagua mwenyekiti, na mimi nagombea! Mpinzani wangu ni Chacha, jirani yangu. Sera yangu ni moja tu: mwanaume haingii jikoni. Jana wanachama walinipigia makofi mpaka machozi yakanilengalenga.
Jioni watoto wakauliza tunakula nini. Nikawahutubia. Wakauliza tena.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata dawa. Jiko letu liko uani, na Chacha huona kila kitu kupitia ua wa minyaa. Basi nimevaa kitenge cha Stellah, kingine nimejitanda kichwani. Sato akaiva vizuri mno. Kusema kweli napika kumshinda Stellah, na siri hiyo nitazikwa nayo.
Chacha akachungulia. Akanisalimia shemeji, akauliza samaki wangu nawawekaga nini mpaka wananukia vile. Eti mkewe, Rhobi, ndiye anataka kujua. Nikakohoa, nikainua ndimu na tangawizi bila kugeuka. Akashukuru sana. Ajabu, Rhobi yuko kisiwani Rukuba tangu wiki iliyopita.

Ijumaa, 13 Juni
Balaa! Mama mkwe katokea Butiama bila taarifa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Nikimwona njiani mimi huhama njia.
Leo nilikuwa nimeinama nasonga ugali. Mtu akanikumbatia kwa nyuma, akaniita binti yangu, akanisifu nimenenepa. Nikageuka. Akaona ndevu.
Yowe lake nadhani lilifika Bunda. Mtaa mzima ukajaa uani. Chacha alicheka mpaka akakaa chini. Wazee wamenitoza mbuzi wa kuondoa aibu, wa kumpa mama mkwe. Nimeumia, sifichi. Ila mama mkwe, akiwa amejifungia ndani, aliagiza aongezewe samaki. Mara mbili!

Jumamosi, 14 Juni
Chacha kashinda. Mimi nimepata kura moja, na niliipiga mwenyewe. Hotuba yake: mwanaume haingii jikoni. Sera yangu! Mwizi mkubwa.
Mama mkwe kasema mbuzi atamla, ila nimpike mimi.

Jumapili, 15 Juni
Stellah karudi. Kacheka weee, kisha kaniuliza kwa nini nisipike nikiwa na suruali yangu, kwani nani atakufa? Masikini, hajui siasa.
Jioni nikiwa jikoni, mwanamke mmoja mnene akaninong'oneza kutoka kwenye minyaa. Alitaka kujua supu ya mbuzi inatiwa chumvi saa ngapi. Sauti nzito. Kitenge cha Rhobi kimemfika magotini. Mheshimiwa Mwenyekiti!
Roho ikanitulia kabisa. Nikamwelekeza supu, nikamfunga kitenge upya, tukakaa kulichambua kosa langu kwa kina. Tumekubaliana kwamba jiko halina tatizo. Tatizo ni ndevu. Kesho asubuhi tunanyoa, wote wawili.