Asilimia Tisini za Mama

Jumatatu, 4 Machi

Hatimaye! Redio wananitaka Alhamisi nizungumzie kitabu changu cha hesabu kwa watu wa kawaida. Mchemraba, profesa mwenzangu wa chumba cha pili, kaalikwa mara mbili, na kitabu chake pumba tupu. Safari hii atanitambua.

Dada kapiga simu. Mama kazidiwa, ananiulizia, niende leo leo. Nikamwambia Ijumaa alfajiri niko njiani. Akaniuliza kama nina akili timamu. Swali gani hilo kwa profesa?

Jumanne, 5 Machi

Roho haikutulia. Nikafuta ubao, nikaandika umri wa Mama, hali ya mapafu, maneno ya daktari. Asilimia tisini anafika Ijumaa akiwa hai! Nimerudia, jibu lile lile. Nikampigia Dada kumtuliza. Akanikatia simu. Watu wanaogopa namba, ndiyo maana niliandika kitabu.

Alhamisi, 7 Machi

Mama amefariki asubuhi. Nilikuwa studio, simu nimeizima. Mtangazaji akanikatisha kupisha taarifa za foleni, hata sura ya pili sikufika.

Mama yangu jamani. Alinifundisha kuhesabu kwa vifungo vya gauni lake. Nimelia ndani ya gari mpaka mlinzi akagonga kioo.

Jumamosi, 9 Machi

Tumezika. Mjomba akanipa nafasi niseme mawili matatu. Nikawaeleza kwamba hesabu yangu haikuwa na kosa, maana asilimia kumi nazo hutokea. Watu wakatazamana. Nikadhani hawajaelewa, nikatoa mfano wa kitabuni. Mjomba akanishika kiwiko, akasema inatosha, mwanangu. Dada hakuniangalia hata kidogo. Mchemraba alikuja kutoa pole, akalia kunizidi. Mnafiki mkubwa! Dada akampa kiti changu.

Jumatano, 13 Machi

Mjomba kapiga simu. Dada kaanguka, presha, yuko wodini na hali si nzuri. Hataki kuongea na mtu, ila kaniulizia mimi. Mimi! Sina mke, sina mtoto, nimebakiwa na yeye tu. Nikavaa viatu.

Simu tena. Redio! Mchemraba kaghairi kipindi cha kesho, eti anakwenda hospitali kumwona Dada. Nafasi ni yangu, saa nzima, hakuna foleni wala nini.

Nimevua viatu. Nimefuta ubao. Asilimia tisini na tano!