Mgeni Mwenye Tai Kwenye Arobaini ya Baba

Leo Jumamosi, kabla hata chakula cha mchana hakijaiva, nimepoteza heshima yangu yote hapa Matogoro. Naandika haraka, ndugu zangu, kabla majirani hawajawasimulia kwa kuongeza chumvi. (Chumvi haihitajiki. Mtaona.)

Leo ilikuwa arobaini ya baba yetu. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa maneno. Ni fundi baiskeli, elimu yangu darasa la saba, nikiongea sana basi naongea na tairi. Tangu msiba, hata tairi silisemeshi.

Msomi wa nyumba ni mdogo wangu Vero. Anamalizia shahada ya pili. Miezi yote hii amekuwa akiandika sebuleni, kompyuta juu ya gunia la mahindi, anajisemesha peke yake mpaka kuku wanamwitikia. Utafiti wake unahusu kwa nini wakulima wa Mshangano hawabadilishi mbegu. Nilimwambia, "Ungeniuliza mimi, ningekujibu chai haijapoa." Akasema, "Kaka, wewe ni mmoja tu."

Baba naye kila asubuhi alikuwa akiuliza, "Hiyo sura ya tano bado tu? Hata mimba ina mwisho wake." Alikuwa amekwisha kununua viatu vya kuendea mahafali. Akafariki navyo vikiwa vipya, ndani ya boksi.

Sasa hapa kuna jambo la watani. Sisi Wangoni tuna utani na Wahehe, na kwenye msiba mtani ana ruhusa zote. Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja wa Kihehe, rafiki wa baba wa miaka mingi. Akavivaa vile viatu vipya, akazunguka navyo uwanjani kwa mwendo wa baba kabisa, anakohoa, anauliza, "Ukumbi wa mahafali uko wapi jamani?" Watu wakacheka huku wanalia. Akasimama mbele yangu. "Na wewe fundi, utanipakia kwenye baiskeli gani?"

Hapo nilitakiwa nijibu. Mtani hujibiwa. Nikatazama chini, kimya. Shangazi, dada yake baba, alinisema mpaka jioni: "Umemwaibisha kaka yangu! Anataniwa mpaka mwisho, na mwanawe yuko kama gogo!"

Kwa hiyo leo niliamka nimeamua. Leo nitatania.

Yule mzee alipiga simu jana. Mgongo unamsumbua, anamtuma mdogo wake. "Mtamjua tu," akasema. "Atakuja na tai kama mkurugenzi."

Asubuhi Vero akaniambia, "Kaka, naenda stendi kumpokea mgeni wangu." Nikaitikia tu. (Nilidhani ni mchumba. Sikutaka nionekane nimefurahi.)

Haukupita muda, bodaboda ikasimama nje. Akashuka mwanaume mmoja, peke yake. Tai. Miwani. Mkoba wa ngozi. Viatu vinang'aa katikati ya vumbi letu.

Nikasema moyoni, Mhehe huyo!

"Habari za hapa," akasema taratibu. "Poleni sana na msiba. Mimi ni Dokta..." (Jina silitaji. Ameumia vya kutosha.)

"Umechelewa, Dokta!" nikapaza sauti. "Mgonjwa tulishamzika!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Jamani! Mimi! Shangazi aliacha kuchambua maharage, akanitazama kama mtoto aliyepiga hatua ya kwanza. Nikapata moto.

"Mimi ni msimamizi wa Veronika," akasema yule bwana.

"Safi kabisa! Sufuria zetu hazina msimamizi tangu asubuhi."

"Nimekuja kuangalia kazi yake."

"Kazi ziko tele! Lete kwanza huo mkoba." Nikaunyakua. "Huu umekamatwa. Utaukomboa kwa jogoo."

Uso ukambadilika. "Ndugu yangu, humo ndani kuna tasnifu ya Veronika. Nisipoipitisha wiki hii, hahitimu mwaka huu."

Watu wakaegemeana kwa kucheka. Kumbe mtani huyu amejiandaa! Habari za nyumba hii zote anazo! Na hacheki hata kidogo, macho makavu. Shangazi akapangusa machozi kwa kanga. "Huyu amempita kaka yake mbali! Ona anavyojua kukaza uso!"

"Nadhani mmenifananisha," akasema. "Mimi kwetu Bukoba."

"Kila Mhehe akiona kazi kwao Bukoba!"

Nakiri, hapo ningeweza kuacha. Kicheko kama kile kinamtosha mtu wa kawaida. Lakini mimi nilikuwa na ukimya wa siku arobaini kifuani, na wote ulitaka kutoka kwa mkupuo.

Nikamfunga kanga ya shangazi kiunoni. Nikampa mwiko. Nikampeleka kwenye ile sufuria kubwa ya ugali wa watu wote.

"Songa!"

"Hii ndiyo desturi ya hapa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo desturi!"

"Kwa kila mgeni?"

"Kwa kila mgeni mwenye tai!"

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaanza kusonga. Mtu yule hajui kusonga ugali. Anakoroga kama mtu anayetafuta sukari chini ya kikombe. Moshi unamwingia kwenye miwani, jasho linamdondoka, ugali umejaa madonge. Nikamwambia, "Mtani, unga umekushinda nguvu? Basi ngoja nikuzoeshe." Nikachota konzi mbili, nikammwagia kichwani. Kichwa kizima. Na masikio.

Vigelegele! Nikanyoosha mikono juu kama niliyefunga goli.

Ndipo nikasikia sauti ya Vero nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alinong'ona tu.

"Kaka. Umemfanya nini Dokta?"

Nikageuka. Vero kasimama njiani, simu mkononi. (Alikuwa akimsubiri stendi. Simu ya Dokta iliisha chaji, akachukua bodaboda akaulizia kwa Veronika anayesoma. Matogoro nzima inamjua.) Na nyuma ya Vero kasimama mwanaume mwingine. Tai yake inafika magotini. Suruali imefungwa kwa kamba ya katani. Akamtazama yule mwenye kanga na unga, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Wangoni bwana! Nimechelewa kidogo tu, mmeshaajiri Mhehe mwingine?"

Hakucheka mtu.

Nilitamani kaburi la baba liwe bado wazi, aniachie nafasi kidogo. Nikapiga magoti palepale kwenye majivu.

"Shikamoo, Dokta." (Ndilo neno pekee lililokuja. Tunalingana umri.)

"Marahaba," akaitikia. Akaitikia kweli! "Naomba mkoba wangu."

Mkoba! Nilikuwa nimeutupia kwenye banda la kuku, ukae karibu na jogoo wa kuukomboa. Nilipofika, jogoo alikuwa juu yake. Na hakuwa amesimama tu. Niliufuta kwa shati langu la kanisani.

Dokta akakaa kwenye benchi, kanga bado kiunoni, akaitoa tasnifu. Akasoma kurasa za mwisho, mojamoja. Kila akiinama, unga unadondoka kwenye karatasi. Anaupuliza, anaendelea. Akamuuliza Vero swali. Vero akajibu, sauti inatetemeka. Akauliza jingine. Safari hii sauti ikatulia. Baadaye wakaanza kubishana kabisa, Vero anapiga kidole kwenye ukurasa, na nadhani alishinda, maana Dokta alifuta kitu alichokuwa amekiandika yeye mwenyewe.

"Sasa imekaa sawa," akasema mwishoni. "Kompyuta yangu iko nyumba ya wageni. Nikifika nitatuma jina lako uingizwe kwenye wahitimu."

Shangazi akaanza kigelegele, akakikatiza katikati kwa woga. Vero akauficha uso kwenye kanga yake. Mimi moshi uliniingia machoni. (Hapana. Moto ulikuwa umeshazimika.)

Dokta akala. Ugali wake mwenyewe, na madonge yake. Kisha akafungua kanga, akamrudishia shangazi, akavaa koti, akatushika mkono sote. Kwangu alikaa kidogo.

"Siku ya mahafali uje," akasema.

"Nitakuja, Dokta. Asante, Dokta."

"Ukae nyuma kabisa."

Akapanda bodaboda. Hapo ndipo nilipoona. Nywele alikuwa amejipangusa, uso amenawa, lakini masikio! Yote mawili yamejaa unga. Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama mawingu. Yule mtani akafungua mdomo, Vero akamkanyaga mguu. Bodaboda ikaondoka.

Ndugu zangu mlioko mjini, saa hii atakuwa anapita huko. Mkimwona mtu mzima mwenye tai na masikio meupe, msalimieni kwa adabu, na nawaombeni sana, asicheke mtu. Jina la Vero bado hajalituma.